Kitambulisho kimoja, sura mbili: kusoma baiti 16 za hifadhidata kabla hujamshuku karani

Swali la msomaji:

"Shikamoo kaka. Niko ofisi ya kikundi cha wauza dagaa hapa Kirumba, jirani na soko la Mwaloni. Mfumo wetu wa mizigo uliandikwa na kijana ambaye sasa amehamia Dar, na unatumia MySQL 5.7. Kwenye jedwali la mizigo, safu ya id ni BINARY(16). Nikiifungua naona vijisanduku na alama za kuuliza. Nilijaribu CONVERT(id USING utf8), sikupata kitu. Rafiki akaniambia niandike HEX(id), nikapata tarakimu 32 zilizoshikamana. Mkaguzi anataka orodha yenye namba za kusomeka. Kibaya zaidi, mnunuzi wetu mkubwa ameleta orodha yake ya mizigo hiyohiyo kutoka SQL Server, na hakuna namba yake hata moja inayolingana na zetu, ingawa nusu ya mwisho ya kila namba inafanana. Karani wa mizani ameambiwa akae nyumbani mpaka ieleweke. Nifanyeje?"

Jibu:

Marahaba, dada. Nianzie mwisho wa barua yako, maana ndipo penye mtu anayeumia. Kwa hayo uliyoniandikia, sioni dalili kwamba karani wenu amegusa mzigo wowote. Mtu anayeghushi orodha habadili tarakimu 16 za mwanzo za kila mstari na kuziacha 16 za mwisho zikilingana mzigo kwa mzigo. Hiyo ni kazi ya mashine, tena mashine yenyewe haijaharibu kitu. Imesoma baiti zilezile kwa mpangilio mwingine. Nitakuonyesha namna ya kulithibitisha hilo mezani, mkaguzi akiwa ameketi pembeni yako. Ila kwanza ujue safu hiyo imebeba nini.

Haikubeba maandishi. Imebeba baiti 16, yaani biti 128, na kila baiti ni namba tu kati ya 0 na 255. Kwa pamoja zinaitwa UUID. Ilibuniwa ili mashine zisizojuana, moja iko kisiwani na nyingine iko mjini, kila moja itoe kitambulisho cha mzigo bila kumuuliza mwenzake na bila kugongana naye. Kijana wenu alifikiri vizuri: mtandao ukikatika Ukerewe, karani wa kule anaendelea kupima na kuandika, na data zikija kuunganishwa Kirumba hakuna namba mbili zinazopigana.

Binadamu akiandikiwa UUID, huandikiwa herufi 36: tarakimu 32 za heksi (0 hadi 9, kisha a hadi f) na vistari vinne, katika makundi ya 8-4-4-4-12. Umbo hilo liko kwenye kanuni ya RFC 4122 ya mwaka 2005, ambayo Mei 2024 ilirithiwa na RFC 9562. Kwa nini basi hakuyahifadhi maandishi hayo moja kwa moja? Kwa sababu ya nafasi. Baiti 16 dhidi ya herufi 36 zinaonekana kitu kidogo, lakini kwenye InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL, kila faharasa unayoongeza hubeba nakala ya ufunguo mkuu, kwa hiyo unene huo unaulipia tena na tena. Mimi pia ningetumia BINARY(16). Kosa lake ni kuondoka bila kuacha hata karatasi moja ya maelezo.

Sasa vile vijisanduku. Ulipoandika CONVERT(id USING utf8) uliiambia MySQL kwamba haya ni maandishi, iyasome. UTF-8, yaani utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti, ina masharti yake: baiti yenye thamani zaidi ya 127 haiwezi kukaa popote na pamoja na yeyote, lazima ifuatane na wenzake kwa utaratibu maalumu. Baiti za UUID hazijali masharti hayo. Kinachotokea hutegemea programu: moja itakurudishia NULL, nyingine itabandika kile kialama cheusi chenye alama ya kuuliza. Hapo ulikuwa unaangalia tu, hujaharibu chochote.

Hatari inaanza ukihifadhi ulichokiona. Hili nalisema kwa machungu. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye kampuni moja hapa mjini, nikatoa jedwali la vipimo kwenye faili la CSV, nikalifungua kwa programu ya kuandikia ili nirekebishe majina mawili ya mialo, nikalihifadhi kama UTF-8, nikalirudisha. Siku iliyofuata vitambulisho vilikuwa vimefanana ovyo. Kila baiti isiyosomeka ilikuwa imegeuzwa alama moja ileile, na alama hiyo kwenye UTF-8 huandikwa EF BF BD. Mzigo wa Nansio na mzigo wa Igombe vikawa na "EFBFBD" zilizojipanga kama tofali. Hakuna programu inayorudisha hapo, kwa sababu habari yenyewe imekwisha kufutika: 9C imekuwa EFBFBD na E0 nayo imekuwa EFBFBD, utajuaje ipi ilikuwa ipi? Nilikaa siku tatu nikioanisha mizigo kwa uzito na saa ya kupimwa. Kwa hiyo kabla ya lolote, tafuta EFBFBD kwenye HEX(id) na kwenye kila faili ulilolitoa. Ukiikuta imejirudiarudia, faili hilo litupe na urudi kwenye chanzo.

Kuna uharibifu wa aina nyingine unaotisha kwa macho lakini unatibika: unaona C2 na C3 zimetapakaa kila mahali na kitambulisho kimerefuka kuliko baiti 16. Hapo mtu alizisoma baiti kama Latin-1, utaratibu wa zamani ambamo kila baiti ni herufi moja, kisha akaziandika kama UTF-8. Kila baiti bado ipo, imevaa koti tu. Ukirudi kinyumenyume unaipata.

Ukitaka kuhamisha data yenyewe, ihamishe ikiwa heksi tangu mwanzo. Ukitumia mysqldump, programu ya MySQL ya kutoa nakala, weka --hex-blob, na safu za baiti zitatoka zikiwa salama.

Haya, orodha ya mkaguzi. Kwenye MySQL 5.7 unakata mwenyewe:

SELECT LOWER(CONCAT_WS('-',
SUBSTR(HEX(id),1,8),
SUBSTR(HEX(id),9,4),
SUBSTR(HEX(id),13,4),
SUBSTR(HEX(id),17,4),
SUBSTR(HEX(id),21))) AS namba,
tarehe, kilo
FROM mizigo;

Mkihamia 8.0, kazi yote hiyo inafanywa na BIN_TO_UUID(id), na kurudi ni UUID_TO_BIN. Wenye PostgreSQL wana aina ya uuid ya asili, inahifadhi baiti 16 na kujionyesha yenyewe kama maandishi, hawana habari na mateso haya. Wa Oracle wanatumia RAWTOHEX. Tuendelee na yenu.

Ukiishia hapo utapata orodha inayopendeza macho. Lakini namba inayopendeza macho inaweza kuwa imepangwa vibaya, na ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko amri yoyote niliyoandika juu. Tuchukue mfano mmoja tuukaribie. Tuseme baiti zilizo kwenye diski yenu ni hizi:

7b 1e 9c 04 d2 a6 4f d1 9c 58 e0 1b 6d 27 a9 f3

Ukizikata moja kwa moja unapata:

7b1e9c04-d2a6-4fd1-9c58-e01b6d27a9f3

Angalia kundi la tatu. Linaanza na 4. Si bahati. Tarakimu ya 13 ya kila UUID ndiyo inayotaja toleo lake, na 4 maana yake imetengenezwa kwa kubahatisha: biti 122 ni za bahati nasibu, sita zilizobaki ni za alama. Kisha tarakimu ya 17, ile inayoanza kundi la nne, huwa 8, 9, a au b, basi. Hapa ni 9. Alama hizi mbili ni muhuri. Muhuri ukiwa mahali pake, umesoma sawa. Ukiwa umehama, mahali ulikohamia panakwambia nani aliyeuhamisha.

SQL Server ikizipokea baiti hizohizo na kuziweka kwenye safu ya uniqueidentifier, jina lake la aina ya UUID, itazionyesha hivi:

049C1E7B-A6D2-D14F-9C58-E01B6D27A9F3

Linganisha polepole, kidole kwenye karatasi. 7b 1e 9c 04 imekuwa 04 9C 1E 7B, imegeuzwa nyuma mbele. d2 a6 imekuwa A6 D2. 4f d1 imekuwa D1 4F. Kuanzia 9C58 mpaka mwisho hakuna kilichoguswa. Ndiyo hiyo nusu ya mwisho inayofanana kwenye orodha zenu mbili. Huo ni mtindo wa Microsoft wa tangu zamani: makundi matatu ya kwanza huhesabiwa kama namba, na namba kwenye prosesa za Intel huanza na baiti ndogo, makundi mawili ya mwisho huachwa kama mfululizo wa baiti. Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue, hazina maana yoyote hapo.

Wote wawili mko sahihi kama sisi na saa zetu. Mwambie mgeni asiyejua desturi kwamba boti ya Ukerewe inaondoka saa tatu asubuhi. Akiitafsiri neno kwa neno atasema boti inaondoka kabla hakujakucha. Boti ni moja, na inaondoka mara moja.

Sasa muhuri uko wapi kwenye ile ya SQL Server? Tarakimu ya 13 ni D, na UUID ya toleo D haipo. Ile 4 imekimbilia nafasi ya 15. Na ukikutana na mfumo wa MySQL 8 ambapo mtu aliandika UUID_TO_BIN(x, 1), makundi yenyewe yamebadilishana viti, la tatu limekaa mbele, na ukilisoma moja kwa moja utapata 4fd1d2a6-7b1e-9c04 na kuendelea: 4 iko nafasi ya 1. Data za zamani za MongoDB zilizoandikwa na programu za Java zinageuza kila nusu ya baiti nane, na 4 unaikuta nafasi ya 3. Kwa hiyo 13, 15, 1 au 3. Nimeandika namba hizo nne kwa kalamu ya wino kwenye kava la daftari langu.

Tahadhari: usiamue kwa mstari mmoja. Tarakimu yoyote ya bahati nasibu ina nafasi moja kati ya 16 ya kuwa 4. Waulize wote kwa mpigo:

SELECT SUBSTR(HEX(id),13,1) AS muhuri, COUNT(*)
FROM mizigo GROUP BY muhuri;

Jibu likiwa mstari mmoja, 4 peke yake na idadi ya mizigo yote, mmesalimika. Ukipata tarakimu 16 zimegawana idadi karibu sawa, umesoma mahali pasipo pake. Badili 13 iwe 15, kisha 1, kisha 3. Na ukipata 1 peke yake, ujue kijana alitumia UUID() ya MySQL, ambayo hutoa toleo la 1, lenye saa ndani yake, iliyohesabiwa kuanzia tarehe 15 Oktoba 1582, kalenda ya Gregori ilipoanza kutumika. Utaitambua hata bila hesabu, kwani tarakimu 12 za mwisho huwa zilezile mstari baada ya mstari. Huo ni utambulisho wa mashine iliyozitoa. Kwa kijana aliyehama bila kuaga, hiyo ni saini tosha.

Tukirudi kwa mnunuzi: mwombe mtu wake wa kompyuta aendeshe hii upande wake,

SELECT CONVERT(varchar(32), CONVERT(binary(16), id), 2) FROM mapokezi;

akiweka jina la jedwali lake halisi. Inatoa baiti kama zilivyo kwenye diski bila kuzigeuza, na itafanana na HEX(id) yako tarakimu kwa tarakimu. Asipokuwa tayari kukusaidia, chukua faili lake mwenyewe na utumie Python, ambayo imelijua tatizo hili siku nyingi:

import uuid
u = uuid.UUID('049C1E7B-A6D2-D14F-9C58-E01B6D27A9F3')
print(uuid.UUID(bytes=u.bytes_le))

Itachapisha 7b1e9c04-d2a6-4fd1-9c58-e01b6d27a9f3. Pitisha orodha yake yote humo, kisha zioanishe na zako. Ninachokushauri ni kwamba mbele ya mkaguzi usianze na kompyuta. Chapa mzigo mmoja, weka mistari miwili juu na chini kwa herufi kubwa, chora mishale kutoka baiti hadi baiti kwa makundi yale matatu. Wahasibu wanaelewa mishale. Ukianza na bytes_le utampoteza kabla ya chai.

Na makubaliano ya kuanzia kesho yawe ya maandishi: kati yenu na mnunuzi kitambulisho kinasafiri kama maandishi ya herufi 36, kamwe si kama baiti 16. Maandishi hayana upande wa kugeuzwa. SQL Server ikipokea '7b1e9c04-d2a6-…' kama maandishi itaionyesha hivyohivyo, na namna itakavyozipanga baiti chumbani kwake ni shauri lake.

Kuna mtego mmoja utakaokukuta wiki ijayo, afadhali nikuonye leo. Ukishazoea HEX(id), utashawishika kutafuta mzigo hivi: WHERE HEX(id) = '7B1E9C04…'. Utaupata, ndiyo, lakini MySQL italazimika kugeuza kila mstari wa jedwali kabla ya kulinganisha, na faharasa italala tu hapo bila kazi. Kwa mizigo mia tano hutaona tofauti. Kwa laki kadhaa, jioni magari yakiwa foleni mizani, utaiona. Geuza unachotafuta, siyo kilichohifadhiwa:

WHERE id = UNHEX(REPLACE('7b1e9c04-d2a6-4fd1-9c58-e01b6d27a9f3','-',''))

Sheria hiyohiyo inafanya kazi hata ukitengeneza VIEW (swali lililohifadhiwa linaloonekana kama jedwali) ili wenzako waone maandishi tu: kuangalia sawa, kutafuta kwa safu ya maandishi humo ndani hapana.

Hukuniuliza kuhusu risiti, lakini najua swali linakuja, kwa sababu mkaguzi akishaona namba zinasomeka atataka ziwe kwenye risiti. Herufi 36 kwenye karatasi ya risiti zinaingia. Tatizo ni simu. Jaribu kumsomea mtu aliyesimama mwaloni, upepo unavuma na injini ya boti inanguruma, "be, de, e, sita, de". Atasikia anachotaka.

Wengi hukimbilia kukata tarakimu nane za mwanzo na kuziita namba ya mzigo. Usifanye. Tarakimu nane ni biti 32, na kwa kitambulisho cha bahati nasibu, mkifika mizigo kama 77,000 kuna nusu kwa nusu kwamba miwili tayari ina namba moja. Kwa toleo la 7, hili jipya linaloanza na saa, ni balaa zaidi: tarakimu nane za mwanzo hubadilika mara moja tu katika sekunde 65 hivi, kwa hiyo mizigo yote iliyopimwa ndani ya dakika hiyo itashiriki namba.

Ongeza safu nyingine. Namba fupi ya tarakimu tupu, inayopanda yenyewe, inayotolewa ofisini mzigo ukishaingia kwenye mfumo, na tarakimu moja ya ukaguzi mwishoni kwa kanuni ya Luhn, ileile ya kadi za benki. Inakamata kila kosa la tarakimu moja na karibu kila kosa la kubadilishana tarakimu mbili zilizokaa pamoja, isipokuwa 09 na 90. UUID ibaki kuwa ya mashine, namba fupi iwe ya watu, na jedwali liwe na zote mbili.

Kwa leo fanya mambo mawili tu kabla hujafunga ofisi: chukua nakala ya hifadhidata kwa --hex-blob uiweke kwenye flashi, kisha endesha ile amri ya muhuri. Ukipata 4 peke yake, oanisha orodha ya mnunuzi na mpigie karani. Ikitokea kuna mistari michache ambayo 4 haiko nafasi ya 13, angalia kama kwao imekaa nafasi ya 15. Kama ndivyo, hiyo ni mizigo ambayo mnunuzi aliwarudishia na mtu wenu akaiingiza kutoka kwenye faili lake, nayo mingine huenda imo mara mbili, kwa sura zote mbili. Hiyo usiigeuze wala kuifuta. Nitumie HEX(id), tarehe na kilo za mistari hiyo tu, tuiangalie pamoja mmoja mmoja.